Kichwa cha Mtungi wa Zamda

Mtungi ulipokitema kichwa cha pili, Sikitu alikuwa amekaa kwenye sakafu ya jiko lake, miguu kainyoosha, bisibisi kaibana kwa meno. Taa nyekundu ikawaka. Kisha ile sauti ya kike, laini kama ya mtu anayetaka kukuuzia kitu, ikasema kutoka ndani ya bati:

"Kifaa kigeni. Tafadhali msubiri fundi wa kampuni."

"Fundi wa kampuni mamako," Sikitu aliijibu, akatoa bisibisi mdomoni. "Mwaka wa ngapi huu namsubiri?"

Binti yake Mwanne alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu kama kawaida yake, maana miguu yake haikumruhusu kusimama sana bila kitu cha kuegemea. Ilikuwa imepinda nje kuanzia magotini, na meno yake yalikuwa na rangi ya chai iliyochacha. Mgongoni alimbeba mdogo wake, Shazili, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na miguu yake ilikuwa imenyooka kama mishale.

"Imebaki mara moja?" Mwanne aliuliza.

"Mara moja."

Kila nyumba ya mtaa wa Magengeni ililijua sharti hilo: mtungi ukionjeshwa vifaa vigeni mara tatu, unajifunga mazima, na baada ya hapo hata ukiupelekea kifaa chake halali unakaa kimya kama jiwe. Ndivyo ulivyoumbwa. Mtu mwenye akili timamu, mwenye meza na kiti na mshahara, alikaa akaamua uumbwe hivyo.

Jina lake la dukani lilikuwa Chemchemi. Watu waliuita mtungi kwa sababu ulikaa kwenye kona ya jiko palepale ulipokaa mtungi wa bibi zao, ila huu ulikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, ulinyonya unyevu wa hewani usiku na mchana, ukatoa ndoo moja na kikombe kwa siku. Maji safi. Maji yasiyokuwa na ile chumvi ya visimani, iliyokuwa inakwenda kukaa kwenye mifupa ya watoto wa Singida kabla hawajajua hata kuhesabu.

Zamani kidogo palikuwa na bomba la mtaa, lenye chujio kubwa la kuondoa hiyo chumvi. Waliokuja kuliziba walikuja na muziki. Walikuja na gari lenye spika, na fulana na kofia, wakasema bomba ni mambo ya kizee, sasa kila mwanamke atakuwa na chemchemi yake jikoni. Watu wakapiga vigelegele. Hilo lisisahaulike kamwe: walipiga vigelegele huku bomba likizibwa kwa zege mbele ya macho yao.

Sikitu alikifunga kile kichwa kilichotemwa ndani ya pindo la kanga, akatoka.

* * *

Kapera alikuwa muuza spea kwenye gulio la vyuma, chini ya yale mawe makubwa ya upande wa barabara ya Manyoni. Aliketi katikati ya milango ya friji, madramu ya mashine za kufulia, mapangaboi, sahani za kioo za mikrowevu. Kila kilichowahi kuunguruma ndani ya nyumba ya mtu kilimfikia mwishowe. Alikuwa anakula karanga.

"Ulisema kitaingia," Sikitu alimwambia, akakitua kichwa mbele yake. Kilikuwa kidude cha shaba na plastiki ngumu, ukubwa wa nyanya, chenye meno madogo chini.

"Nilisema kitaingia. Sikusema kitakaa."

"Usinifanyie mzaha, Kapera."

"Mzaha sina, mama. Kaa." Alimsogezea ndoo iliyopinduliwa. Alikigeuza kichwa, akakielekeza juani. "Unaona huu mstari, kama uzi wa dhahabu? Hii ndiyo chale yake. Siku mitungi inatoka kiwandani, shehena nzima inachanjwa chale moja, kama vile wazee walivyokuwa wakichanjiana undugu. Kichwa kikiingia kwenye mtungi, mtungi unakilamba kwanza. Ukikuta damu ni ileile, unakipokea. Ukikuta damu ngeni, unakitema. Hiki ni cha shehena ya Tabora. Nilidhani zimepishana kidogo tu. Zimepishana sana."

"Wangu ni wa shehena gani?"

"Wewe ndiye wa kuniambia. Mliununua vipi? Mmoja mmoja?"

"Kikundi. Tuinuane. Tulichukua kumi na mbili kwa mkupuo."

Kapera aliacha kutafuna.

"Mkapewa na punguzo," alisema.

"Tukapewa na punguzo."

"Na keki?"

"Na keki."

"Basi wamewamaliza, dada yangu. Shehena moja, siku moja, tumbo moja. Ndugu za mtungi wako ni hiyo kumi na mmoja iliyoko majikoni kwa wenzako, na dunia nzima hakuna mwingine. Kampuni haitengenezi tena toleo hilo. Wanataka mnunue toleo jipya, na toleo jipya mpaka uuze nyumba na kiwanja."

Upepo ulipiga mabati ya gulio, na vumbi likazunguka miguuni mwao. Katika ile kumi na mbili, iliyokuwa bado inapumua ilikuwa minne tu, na wake haukuwamo. Ilianza kufa mfululizo tangu kiangazi, kama watu waliokula sufuria moja.

"Ile minane iliyokufa, vichwa vyake je?"

"Mtungi ukifa, kichwa ndicho kilichoua. Hakifai." Kapera alitema ganda. "Kinachofaa ni kile kinachozunguka. Na kinahama mara moja tu. Ukishakihamishia nyumba nyingine, ndiyo imetoka hiyo, hakirudi kwao wala hakiendi kwingine. Kwa hiyo mimi hapa sina cha kukusaidia, labda usubiri msiba."

"Msiba wa mtungi?"

"Wa mwenye mtungi."

Alilisema hilo akitabasamu, ndivyo alivyozoea, lakini tabasamu halikufika mbali. Spika ya msikiti wa Magengeni ilikuwa imeanza kukoroma. Watu wa gulio wakanyamaza kusikiliza. Ametangulia mbele ya haki Athumani Mkhoi, fundi rangi. Maziko kesho baada ya alasiri. Mkewe, Zamda, anawaomba majirani.

Kapera aliinamisha kichwa. "Sikuwa namaanisha hivyo," alisema polepole.

Zamda alikuwa mmoja wa wale wanne ambao mitungi yao ilikuwa bado inapumua.

* * *

Wakati wa Tuinuane ya zamani, mwenzao akipata shida, kanga zilikuwa zinafungwa kiunoni kabla hajamaliza kulia. Mtungi wa kwanza ulipokufa, wa Tabu, waligawana naye maji, kila nyumba kikombe kimoja. Wa pili walijitahidi. Ulipofika wa tano, mwanamke mmoja alikwenda harusini Ikungi akarudi akakuta mtungi wake umefunguliwa tumbo, vizuri kabisa, hata skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Hakumtaja mtu. Lakini kuanzia wiki hiyo majiko ya Magengeni yalianza kufungwa kwa kufuli, na wanawake waliokuwa wakiingia kwa wenzao bila hodi wakaanza kuzungumza barazani, wakiwa wamesimama.

Ila msiba una sheria yake, na sheria hiyo ni ya zamani kuliko kufuli. Mfiwa haingii jikoni mwake. Jiko ni la majirani mpaka matanga yaanuliwe. Wao ndio wanaokoka moto, wanaopima mchele, wanaojua chumvi iko wapi. Asubuhi ya maziko, shangazi yake Zamda aliifungua ile kufuli akaitia mfukoni, akasema, "Karibuni, jiko lenu."

Wakaingia wote. Wanawake kumi na mmoja wa Tuinuane, bila kukosa hata mmoja.

"Leo mmewahi!" alisema Mama Elipendo, mwenyekiti wao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya. "Kwenye mkutano mnachelewa, msibani mmefika kabla maiti hajaoshwa."

Watu walicheka kidogo, kisha kicheko kikafa chenyewe. Pale kwenye kona mtungi wa Zamda ulikuwa unanguruma taratibu, wenye afya, na mfereji wake ulidondosha tone, tone, ndani ya ndoo ya bluu.

"Kuni zimepungua. Nani anakwenda uani?"

Hakutoka mtu.

"Jamani, kuni."

"Mimi mgongo," alisema mmoja.

"Mimi nakaanga vitunguu," alisema Tabu.

"Vitunguu vimeshakuwa mkaa, Tabu. Unakaanga nini?"

"Naviangalia."

Sikitu alikuwa anachagua mchele. Bisibisi ilikuwa kwenye pindo la ndani, chini ya kanga mbili, na kila akiinama ilimchoma nyonga. Aliwatazama wenzake wanavyoinama. Nao waliinama kwa uangalifu, kama wajawazito.

Mchana ukapanda. Wanaume wakaja, wakasoma, wakanyanyuka. Jeneza lilipoinuliwa sebuleni kilio kililipuka nyumba nzima, na wanawake wakatoka mbio kwenda kulisindikiza mpaka mlangoni. Hilo nalo ni sheria. Hakuna jirani anayebaki na sufuria maiti anapotoka.

Sikitu alibaki na sufuria.

Bati la nyuma lilikuwa na skrubu sita. Mikono yake iliyajua yale mambo kuliko ilivyojua kusuka; mwaka mzima alikuwa akiufungua mtungi wake mwenyewe kwenye sakafu, akisafisha vichungio kwa mswaki, akiziba nyufa kwa mpira wa ndala. Alizilegeza bila kuangalia. Ndani palikuwa na joto. Alikishika kichwa, akakizungusha robo, kikatoka mkononi mwake kikiwa na moto wa yai lililotagwa sasa hivi.

Mngurumo ukakatika.

Hakuwa amefikiria ule ukimya. Kilio cha nje kilikuwa kikubwa, lakini ukimya wa jikoni ulikuwa mkubwa zaidi. Alirudisha bati, skrubu mbili tu, akajifunga kanga. Akawa anaelekea mlango wa uani shangazi mtu alipochungulia.

"Wewe Sikitu, mbona hujampa mkono mjane? Wenzako wote wameshaingia. Anakuulizia."

* * *

Zamda alikuwa amekaa kwenye godoro lililotandikwa chini, amejifunika nguo nyeupe mpaka kwenye paji la uso. Walikuwa peke yao. Sikitu alipiga magoti, akampa mkono wa kulia. Wa kushoto uliushika ule uvimbe wa kanga.

"Pole, mwenzangu."

"Nimeshapoa." Zamda hakuuachia mkono. Macho yake yalikuwa makavu. "Umezima."

"Nini?"

"Mtungi. Nimeusikia ukizima. Miaka yote hii nalala na mngurumo wake upande huu na wa Athumani upande huu. Leo yote miwili."

Sikitu alifumbua mdomo. Alitaka kusema inazima yenyewe, ni ya shehena moja.

"Mimi sitoki, Sikitu," Zamda aliendelea, kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo. "Ni eda. Miezi minne na siku kumi sipangi foleni kwenye boza la maji hata siku likija, wala kisimani siendi. Wanangu wawili wameshapinda. Watatu bado. Hawa watatu ndio niliokuwa nawalinda." Akaukaza mkono. "Sitaki kumjua. Nikimjua nitamwapiza, na sitaki kumwapiza mtu Athumani hajafika kaburini. Namwomba kitu kimoja tu: aliyechukua, asinipe mkono."

Palikuwa na nzi juu ya nguo nyeupe. Sikitu alimtazama nzi yule akitembea.

Kisha akautoa mkono wake. Aliutoa taratibu, kidole baada ya kidole, na Zamda hakuuzuia. Hawakuangaliana. Sikitu akainuka, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Jikoni bado hapakuwa na mtu. Mtungi ulikuwa palepale. Skrubu mbili, robo mzunguko, ungenguruma tena. Kichwa kilikuwa bado hakijahama, kwa hiyo kilikuwa bado kinawajua watu wa nyumba hii. Alisimama mbele yake na kile kitu kiganjani, akahesabu. Miguu sita ya watoto wa Zamda. Miguu miwili ya Shazili. Aliyeibuni mashine hii alijua ipo siku mwanamke atasimama hivi, katika jiko la mfiwa, akipima miguu ya watoto wa mwenzake na miguu ya mwanawe. Alijua. Akachora, akasaini, akaenda kula chakula cha mchana.

Sikitu aliijua hesabu. Sita ni nyingi kuliko mbili, hata mlevi analijua hilo. Lakini ile miwili aliiogesha yeye kila asubuhi, akaipaka mafuta ya alizeti, akaibusu nyayo.

Akatokea uani.

* * *

Mtungi wake ulikilamba kichwa kwa muda mrefu. Sikitu alikuwa amepiga magoti, hapumui. Hii ndiyo ile mara moja iliyobaki.

Taa ikawa ya kijani.

"Kifaa kimetambuliwa," ilisema sauti. "Asante kwa kuitunza Chemchemi yako."

Ukaanza kunguruma. Kabla jua halijazama maji yalikuwa yamefunika sakafu ya ndoo. Mwanne alikuja, akayaangalia, akamwangalia mama yake. Hakuuliza yametoka wapi. Msichana huyo alikuwa na umri wa kuelewa mambo bila kuuliza, na Sikitu alitamani angeuliza.

Asubuhi ndoo ilikuwa imejaa. Aliteka kikombe, akamkalisha Shazili mapajani. Mtoto akanywa kwa pupa, maji yakimchuruzika kidevuni.

Hodi haikupigwa. Walisukuma mlango tu, wakaingia: Mama Elipendo mbele, Tabu nyuma yake, kisha wengine, mpaka jiko likawa halina pa kukanyaga. Hakuna aliyemsalimia.

"Msinifanye kitu mbele ya watoto," Sikitu alisema.

"Tukufanye nini? Jana maiti akitoka ni wewe tu uliyebaki na sufuria." Mama Elipendo alipeleka mkono kiunoni, akachomoa bisibisi yenye mpini mwekundu, akaiachia idondoke sakafuni. "Mimi nilikuwa nangoja mchele uive."

Tabu akadondosha yake. "Mimi nilimwogopa maiti."

Zikadondoka nyingine, moja baada ya nyingine; bisibisi, plaisi, kisu cha mezani kilichonolewa ncha. Mwanamke mmoja alianza kulia, akazibwa mdomo na jirani yake.

"Sasa tumeonana sura," alisema Mama Elipendo. "Waliotuuzia hizi takataka ofisi yao ipo mjini, na tutakwenda, haki ya Mungu tutakwenda. Lakini siwezi kwenda kumshika mwizi mkubwa huku nyuma yangu nimefuatwa na kumi wadogo wanaoviziana."

Aliingiza ndoo aliyokuwa ameiacha nje ya mlango. Ilikuwa ya bluu.

"Hii ni ya Zamda. Utaijaza wewe. Utaipeleka wewe. Kila siku mpaka atoke eda."

"Mama Elipendo, huu unatoa ndoo moja. Ndoo moja na kikombe."

"Naujua. Tuliununua pamoja."

"Na mwanangu?"

"Ana kikombe."

"Mtoto haishi kwa kikombe! Nikoge nini, nipike nini, nimnyweshe nini mchana? Mnataka nimpe ya kisimani?"

Walimwangalia tu, wanawake wale ambao nusu yao walikuwa wakiwapa wanao ya kisimani tangu kiangazi, na machoni mwao hapakuwa na hasira wala huruma, palikuwa na kungoja. Sikitu akajua angeweza kukataa. Wangeondoka. Mlango ungefungwa, na asubuhi yoyote atakayokwenda sokoni angerudi akute skrubu zimepangwa kwenye kisahani.

Lakini si hilo lililomwinua. Kiganja chake cha kulia kilikuwa bado kinasikia vile vidole vikimwacha kimoja kimoja.

Akamshusha Shazili chini. Mtoto akaangua kilio, akakamata upindo wa kanga. Mwanne akaja akambandua. Sikitu akainamisha ndoo yake ndani ya ile ya bluu mpaka tone la mwisho, akaviringa kanga kuwa kata, akajitwisha.

Walitembea nyuma yake Magengeni nzima, kimya, na watu wakatoka barazani kutazama. Hakufuta maji yaliyokuwa yakimrukia usoni. Nyumbani kwa Zamda walimwachia njia, akaingia peke yake mpaka chumbani, akaitua ndoo mbele ya godoro. Akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Ni mimi," alisema.

Zamda aliutazama ule mkono muda mrefu. Uani watoto wake walikuwa wamesikia mtikisiko wa maji, wakaanza kugombania kikombe.

Mkono hakuupokea. Ndoo akaivuta kwake.